Toleo la Nne

Wanaosema niliiba, waje hapa mezani kwangu waniambie niliiba nini. Faili lilishuka lenyewe kutoka ghala la kampuni, kwa njia halali, kwenye mashine halali, mbele ya Daktari Mbonea mwenyewe akinywa chai. Nilichofanya mimi ni kutolitupa. Basi.

Kampuni inaitwa Pumuo. Ndiyo iliyotutengenezea mapafu baada ya miaka ya vumbi, na sitaki kukaa hapa kuitukana tu, maana bila wao nusu ya Kondoa ingekuwa makaburini. Pafu la Pumuo ni dude dogo. Likishakaa kifuani huoni kitu ila kovu, na kitundu cha kuchomekea waya chini ya kwapa. Ndani yake kuna kompyuta ndogo inayoendeshwa na Linux kama kompyuta nyingine yoyote. Kila Ijumaa mgonjwa anakuja kliniki, namsafishia chujio, namchomeka waya, na pafu lake linaiuliza mashine yangu kama kuna kipya. Mashine yangu nayo inaliuliza ghala la Pumuo. Kikiwepo kipya kinashuka kikiwa kifurushi, kinasakinishwa, halafu kifurushi kinafutwa. Ndivyo walivyopanga wao: pakua, sakinisha, futa.

Sasa mtu aliyepanga hivyo hajawahi kukaa Kondoa. Mtandao wetu siku ukiwa mzuri unajikongoja. Siku ukiwa mbaya, mgonjwa anaketi na waya kwapani tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri, anangoja kifurushi kilekile ambacho mgonjwa aliyemtangulia alikingoja vilevile. Nani anainjika sufuria jipya kwa kila mgeni anayeingia? Nikafungua faili la mipangilio la msimamizi wa vifurushi, ile programu inayopakua na kusakinisha, nikaongeza mstari mmoja: keepcache=1. Ikiwa sifuri, futa. Ikiwa moja, tunza. Kuanzia hapo kila kilichoshuka kilibaki kwenye diski ya kliniki, na kuanzia mgonjwa wa pili hadi wa mwisho walihudumiwa humuhumu ndani bila kugusa mtandao. Foleni ikaisha. Daktari Mbonea, ambaye ndiye mganga mfawidhi wetu, alinisifu kwenye kikao na hakuuliza nimefanyaje.

Halafu likaja toleo la tano.

Waraka wake ulikuwa mfupi. Toleo la nne la programu ya pafu limeonekana kuwa na hitilafu kwa wagonjwa wachache mno, limeondolewa ghalani, vituo vyote vihamie la tano mara moja. Hitilafu yenyewe ilibidi niipate kwa mafundi wenzangu, kwa simu, maana Pumuo hawakujisumbua kuiandika. Toleo la nne lilikuwa linamfuata mwenye pafu. Ukitaka pumzi ndefu linakupa ndefu, ukipaza sauti linajaa, ukinyamaza linatulia. Ila mtu akishavuta pumzi ndefu kwa muda mrefu, lilikuwa na tabia ya kumngoja yeye aanze tena, na kama amepitiwa na usingizi, haanzi. Linamngoja, naye amelala. Kuna watu walikufa hivyo huko mbali. Si wengi, lakini walikufa.

Dawa ilikuwa kurekebisha huko kungoja. Pumuo wao waliona rahisi kulifunga lote. Toleo la tano halimfuati mtu. Linapumua kwa saa yake, pumzi moja sawa na nyingine, ucheke, ulie, upande kilima, lenyewe halina habari. Hakuna aliyekufa nalo. Hakuna aliyeweza kupiga kelele nalo pia, wala kumaliza sentensi ndefu bila kutua katikati. Walilipa jina, wakaliita pumzi salama.

Mume wangu Mwidadi ni mpiga tarumbeta. Bendi yake ndiyo iliyokuwa ikisindikiza maharusi wote wa mji huu, yeye amesimama nyuma ya kirikuu, kile kigari cha mizigo, mashavu yamejaa, mashati ya bendi yote yameloa jasho, na kina mama nyuma wanacheza mpaka khanga zinawadondoka. Ijumaa ile nilimsakinishia toleo la tano kama wengine wote, kwa mkono wangu. Jumamosi akapanda kirikuu. Alirudi jua likiwa bado kali, akaiweka tarumbeta juu ya kabati bila kuifuta.

"Inanikata," akasema. "Nikifika katikati ya wimbo inanikata, kama mtu kanikaba."

"Utazoea."

"Mwajabu, usinijibu kama nesi."

Hakuzoea. Bendi ikaanza kutumia spika yenye tarumbeta ya kurekodiwa, naye wakamwambia asijali, apande tu kirikuu ashike tarumbeta watu wamwone. Alipanda mara moja, akashuka njiani. Baada ya hapo alikuwa anakaa barazani na redio, na harusi ikipita anaongeza sauti ya redio. Mtu mwenye maneno yule, mtu ambaye nilikuwa namwambia Mwidadi hebu nyamaza nifikiri, akawa anaongea kwa vipande. Nilikuwa nikimwangalia napandwa na hasira, na hasira yenyewe sijui niimwagie nani. Pumuo wako mbali.

Na mimi nilikuwa najua kitu asichokijua yeye. Nilikuwa naangalia diski ya kliniki, imejaa nusu na zaidi, natafuta vya kufuta, nikalikuta. Pafu, toleo la nne, limekaa pale kwenye folda ya vilivyotunzwa, zima kabisa. Ghalani kwao walishalifuta. Vituo vingine havijawahi kulitunza. Labda nchi nzima lilikuwa kwangu tu, kwa sababu ya mstari mmoja niliouweka ili watu wasikae foleni.

Ningenyamaza. Najua wenye akili wangenyamaza. Nikamwambia wakati namtengea chakula.

"Unalo," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ninalo, na lina kifo ndani yake."

"Kwa wachache mno. Wameandika wenyewe."

"Hao wachache nao walikuwa na wake zao, Mwidadi."

Akasogeza sahani pembeni. "Mwaja, mimi siombi umri wa miaka mia. Naomba wimbo mmoja ufike mwisho. Huo tu."

Ilikuwa sentensi ndefu kwake siku hizo, na ilimkata mahali pawili. Nilimsubiri aimalize. Nadhani hapo ndipo nilipokwisha.

Msimamizi wa vifurushi hapendi kurudi nyuma. Ukimwachia mwenyewe atakupandisha toleo jipya kila siku. Kushuka mpaka umwamuru waziwazi kwamba unataka kushuka. Kisha anakagua saini ya kifurushi, aone kama kweli kimetoka kwa mwenyewe. Saini ya toleo la nne ilikuwa ya Pumuo, safi, hawakuwa wameikana. Akalikubali. Nikaongeza mstari mwingine kwenye mipangilio, exclude, wa kumwambia pafu la mtu huyu alipite, asiliguse, ili Ijumaa ijayo lisije likapandishwa tena. Mwidadi alikuwa kwenye kiti, waya kwapani. Pafu lilipowaka upya alivuta pumzi, akaivuta, akaivuta, mpaka nikaogopa, halafu akaiachia taratibu huku anatabasamu kwa kiburi.

Nikamwekea masharti. Ukishuka kwenye kirikuu hulali. Unaoga, unakula, unapiga soga na mimi hata kama huna la kusema, mpaka nione pumzi imetulia, nikuambie sasa nenda kalale. Akakubali yote. Na aliyafuata, lazima niseme haki, aliyafuata kama mtoto wa madrasa anayeogopa bakora.

*

Tarumbeta ina ubaya mmoja, haifichiki. Wiki ileile mji wote ulijua. Daktari Mbonea alinikuta kwenye karabai ya kliniki—naita karabai, ni ile taa ya kukagulia vichujio—nikiwa nimeinama chini yake.

"Fundi, mumeo anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, daktari."

"Jumamosi alikuwa anapiga?"

"Alipiga."

"Mimi sikumsikia," akasema, akaenda zake ofisini na kufunga mlango. Ndivyo alivyo. Jambo likienda vizuri yumo, likienda vibaya hakuwepo.

Wagonjwa wengi hawakuomba kitu. Wazee wetu walisema la tano linawatosha, hawana pa kukimbilia. Aliyekuja ni Mwalimu Hidaya. Alikuwa anafundisha darasa la tatu, darasa ambalo watoto wanakaa hadi madirishani, na vumbi lilimla mapafu angali msichana. Alikuja Ijumaa akangoja wote waondoke, akafunga mlango.

"Dada Mwajabu, nimekuja kuomba ile anayotumia shemeji."

"Shemeji yako anatumia kama unayotumia wewe."

"Shemeji amepiga tarumbeta kutoka msikitini mpaka sokoni hajaishusha mdomoni. Nimetembea nyuma ya kirikuu, nimemtazama." Akatua, pafu likampa pumzi yake ya sare, akaendelea. "Mimi sauti yangu inafika dawati la tatu. Nyuma huko wanapigana, wanalala, mmoja juzi amekula chaki. Mwalimu mkuu ananiambia nipumzike. Nipumzike niende wapi?"

"Hidaya, si salama. Lina kungoja. Ukichoka ukalala vibaya, linakungoja usiamke."

"Kwa mumeo ni salama?"

"Si salama."

"Sasa mbona umempa?"

Jibu nililokuwa nalo ni kwamba yeye ni wangu na wewe si wangu. Hilo ndilo jibu la kweli, na hakuna mtu mwenye haya anayeweza kulitamka mbele ya mtu aliyekaa kwenye kiti kilekile, na kovu lilelile. Ningemnyima ningekuwa nasema uhai wake ni wa kutunzwa na wa mume wangu si wa kutunzwa, au nasema furaha ya mume wangu ina thamani na kazi yake haina. Niligeuza kila upande, kote nilitoka mbaya. Nikampa. Nikamwekea masharti yaleyale: ukitoka darasani usilale mpaka pumzi itulie, oga, kula, ongea na mama.

"Na madaftari yale nani atasahihisha?" akasema, akacheka. Alicheka kicheko kirefu, nikasikia pafu linamfuata mpaka mwisho, na sitasema uongo, nilijisikia vizuri. Nilijiona mtu wa maana sana siku ile.

Watoto wake wakaanza kusikika mpaka barabarani wakiimba majedwali ya kuzidisha. Kila Ijumaa alikuwa anakuja, namsafishia chujio, nasoma rekodi ya pafu lake. Rekodi inaonyesha kila pumzi. Ijumaa moja niliona mahali pafu limengoja, si sana, ila zaidi ya ninavyopenda.

"Unalala mchana wewe?"

"Napitiwa tu dada, kidogo."

Nikamgombeza. Nilimgombeza vizuri, kwa ukali, akaniomba radhi, nikamchomoa waya akaenda nyumbani na toleo la nne kifuani.

Ilikuwa Jumamosi baada ya masomo ya ziada. Alirudi kwao amechoka, akakaa kwenye mkeka na madaftari, kalamu nyekundu mkononi. Mama yake, Bi Mwanaasha, alikuwa uani anaosha vyombo. Alichungulia, akamwona binti amejilaza, akafurahi kwamba leo kapumzika. Akamfungia mlango ili kuku wasiingie kumwamsha.

Kwenye cheti cha kifo Daktari Mbonea aliandika moyo. Pafu hakulichomeka waya hata wa kuangalia tu toleo. Nilikuwa nimesimama pale, naye alijua kwamba najua, na aliandika moyo kwa mwandiko mzuri kabisa, akanipa karatasi nikaipige muhuri.

*

Bi Mwanaasha alikuja kwangu baada ya hitima. Mwidadi alikuwa kwenye mazoezi. Nilimkaribisha ndani, akakataa, akakaa barazani kwenye benchi, mtandio wake mweusi umekunjwa mapajani. Nikamwamkia, akaitikia. Nilianza kulia, akanisubiri nimalize, na kusubiri kwake kulinikatisha kilio.

"Hidaya aliniambia kila kitu," akasema. "Alisema fundi kanipa ile ya mume wake. Alifurahi sana."

"Nilimwambia hatari yake, mama. Wallahi nilimwambia."

"Najua ulimwambia, naye aliniambia mimi. Nilimuuliza, mwanangu, na hiyo hatari? Akasema mama, fundi anajua kazi yake, ingekuwa hatari ya kweli asingempa mumewe." Akanyoosha mtandio. "Mumeo bado anayo?"

"Bado. Lakini nitamrudisha, nimeshaamua, wiki hii hii namrudisha kwenye—"

"Usimguse."

Nilidhani sijasikia.

"Mlisema hii hatari inabebeka," akasema. "Mwanangu akawaamini, akaibeba. Basi ibebeni na ninyi. Mumeo aendelee kupiga. Kila Jumamosi niwe kwangu niisikie tarumbeta yake. Siku nitakayosikia spika, nitajua mmeutua mzigo mkamwachia Hidaya peke yake, nami nitakwenda polisi nieleze ulichomwekea."

"Na kama itanyamaza kwa sababu amekufa?"

"Nitakuja kukupa pole," akasema. "Kama ulivyokuja kunipa."

Akaaga vizuri, akasema nimsalimie Mwidadi.

Mwidadi nilimwambia yote alipofika, sikumficha. Alisikiliza huku analegeza vifungo vya shati, akakaa.

"Ana haki," akasema.

"Haki ya kukuua wewe?"

"Haki ya kutaka tulingane. Sisi tulikuwa tunafurahi humu ndani, Mwaja. Yule dada alitutazama sisi akadhani ni salama. Nitapiga."

"Aende polisi. Acha wanifunge. Nakurudisha la tano, nafungwa, natoka, nakukuta."

"Unakuta nini? Spika?" Akanitazama. "Pafu ni langu. Ulipoweka la nne uliniuliza. Ukitaka kuliondoa utaniuliza, na mimi nakujibu leo kabisa usije ukasema hukusikia. Sitaki."

Nilimwita mbinafsi. Nilimwita majina mengine ambayo sitayarudia. Nilimwambia anaipenda shaba ya tarumbeta kuliko mimi, naye akasema haipendi kuliko mimi, ila bila hiyo ninayekaa naye ndani ya nyumba hii si yeye. Tukaachia hapo. Jumamosi akapiga. Nilikaa ndani nimeziba masikio, halafu nikayazibua haraka, maana ikinyamaza nitajuaje.

Ikawa ndiyo maisha. Tarumbeta ikilia naogopa kwamba inalia, ikinyamaza naogopa kwamba imenyamaza. Akisinzia kidogo tu kwenye kiti namtikisa. Yeye akicheka, mimi nahesabu. Tulikuwa tunapiga soga zetu za baada ya harusi kama watu wanaolipwa kuongea. Na kule mtaa wa pili najua kuna mwanamke kakaa mlangoni kwake, anasikiliza.

*

Ijumaa Mwidadi alikuja kwa chujio kama kawaida. Nikamchomeka waya, nikafungua rekodi. Palikuwa na kungoja. Palikuwa na kungoja kurefu kuliko kule nilikokuona kwa Hidaya, mchana wa Jumatano, saa ambayo mimi nilikuwa kazini na yeye aliniapia kwamba alikuwa anatengeneza baiskeli.

Alikuwa ananisimulia harusi ya kesho, ya mtaa wa Bicha, jinsi mjomba wa bibi harusi alivyokuja kwenye mazoezi kuwafundisha bendi wimbo ambao yeye mwenyewe haujui. Alikuwa anamwigiza yule mjomba, mikono na yote. Mimi nilikuwa nyuma ya skrini. Nilifungua mipangilio, nikaufuta mstari wa exclude. Sikuandika amri yoyote. Pafu lenyewe likauliza kama kuna kipya, mashine ikajibu kipo, na toleo la tano likapita kwenye waya kuingia kifuani kwake wakati mjomba wa bibi harusi amefika kwenye kiitikio. Nilicheka mahali pa kuchekea. Nilicheka vizuri kabisa, hata yeye aliridhika.

Alipoondoka nikairudisha keepcache kuwa sifuri. Kisha nikasafisha folda yote ya vilivyotunzwa. Msimamizi wa vifurushi aliniambia ameondoa faili ngapi na ameokoa nafasi kiasi gani, na kwamba kazi imekamilika. Nilifanya hivyo kwa sababu najijua. Mwidadi angenitazama wiki mbili tu kama zile za redio barazani, ningelirudisha.

Jumamosi sikuziba masikio. Tarumbeta ilianza kule karibu na msikiti, ikapanda vizuri, ikakatika. Ikaanza tena, ikakatika palepale. Nilisikia watu wanacheka, walidhani anawatania. Ikaanza mara ya tatu kwa chini, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, halafu kimya. Halafu spika.

Alikuja kwa miguu. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, tarumbeta mapajani, akaivua ile sehemu ya mdomo, akaifuta na shati lake, akairudisha.

"Faili lipo?" akauliza.

"Nimelifuta."

Pumzi ikaingia, ikatoka, kwa saa yake.

"Nilikuambia sitaki."

"Uliniambia. Nilikusikia." Nilikuwa nimejiandaa kulia na machozi hayakuja, ikaja ile hasira. "Jumatano ulilala mchana, Mwidadi. Lilikungoja. Nimeona kwa macho yangu muda lililokungoja. Nichukie unavyotaka, utanichukia ukiwa hai."

Akahamishia godoro chumba cha pili, akarudi kuchukua redio. Sijuti, na mtu asinitafutie majuto. Niko tayari kulala peke yangu miaka yote iliyobaki nikimsikia ukutani anavyopumua.

Jumapili niliamka nikaoga, nikavaa nguo ya heshima na viatu vya kufunga, nikakaa barazani kungoja polisi. Aliyekuja ni Bi Mwanaasha, peke yake. Akakaa kwenye benchi, upande uleule.

"Spika," akasema.

"Ndiyo, mama. Nimemrudisha. Nenda polisi, sitakulaumu. Nitawaeleza mwenyewe."

"Polisi nitakwenda au sitakwenda, hilo sijajua. Nimekuja kuuliza kitu. Huko kumrudisha mtu, kunachukua muda gani?"

Nilitaka kudanganya. Niliitazama mikono yake nikashindwa. "Si muda mrefu. Kama kuchemsha chai."

"Anapasuliwa?"

"Hapana."

"Anachomwa sindano? Anaumia?"

"Hapana, mama. Anakaa tu kwenye kiti na waya. Mwidadi hata hakujua."

"Hata hakujua." Mtoto wa jirani alipita na ndoo akatuamkia, sote wawili tukaitikia. Kisha Bi Mwanaasha akainuka, akajitengeneza mtandio, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu amzike binti yake.

"Alikuwa anakuja kwako kila Ijumaa," akasema.